Pipa Analoliogopa Mama Vumbi

Hivi wewe umewahi kuonja jiwe? Si kulilamba kwa utani wa kitoto, la. Jiwe lililosagwa likawa unga, ukachota kidogo kwa ncha ya kidole, ukautia kati ya meno ya mbele, ukafumba macho na kusikiliza.

Mama Vumbi huonja kila siku ya kazi. Ni saa moja kasoro asubuhi, jua bado halijaupanda ukuta wa mabati wa yadi, naye amesimama mbele ya kinu cha nyundo kinachotetemeka kama mgonjwa wa homa. Anashusha kitambaa kutoka puani mpaka kidevuni, anapeleka kidole mdomoni, anasuguanisha meno polepole. Kisha anageuka pembeni, anatema, anakipandisha tena kitambaa chake.

"Umegoma tena," anamwambia mdogo wake anayesubiri na gunia tupu mkononi. "Unakwaruza."

Kwa wasagaji wa mawe ya chokaa, unga unaokwaruza menoni ni unga mnene. Unaoteleza kama poda ya mtoto ndio unaotakiwa. Kinu hiki cha zamani kimechoka. Nyundo zake zimelika mpaka zimekuwa na umbo la meno ya kizee, na kila unga unaotoka unapaswa kuchekechwa mara mbili, wakati mwingine mara tatu, ndipo ufae kufungwa.

Magunia hayo huenda moja kwa moja kwenye mitambo ya maji ya mji. Maji ya mto unaonywesha watu huku yana ukali. Si ukali wa kuusikia ulimini, ila mabomba huusikia. Huyala kutoka ndani taratibu, na mwenye nyumba huja kugundua pale shuka jeupe linapotoka kwenye beseni likiwa na madoa ya kutu. Unga wa chokaa ukitiwa humo, ule ukali hutulia, maji yakawa mapole.

Lakini unga mnene hauyeyuki. Hukaa chini ya tangi kama sukari kwenye chai iliyopoa. Mama mmoja mpimaji wa maji alikuja yadini mwanzoni mwa mwaka, akatia sumaku ndani ya gunia, akaitoa ikiwa na nywele za chuma. Hakugomba. Alisema tu kwamba watoto wa mji huu wanakunywa haya maji, na kwamba mashine ya aina hii mwisho wake umefika.

Ndipo mwenye yadi, ambaye wafanyakazi humwita Tajiri ingawa viatu vyake vina viraka, alipomwita Mama Vumbi na kumpa kazi ambayo hakuwahi kuiomba: achague mashine mpya.

"Wewe ndiye utakayeshinda nayo," alimwambia. "Mimi nitakuwa naiona nikipita tu. Mchumba achaguliwe na anayeoa."

Mama Vumbi anasema tangu siku ile roho yake iko juu juu. Mwili wake ni mnene na mikono yake mifupi yenye nguvu, na kope zake ni nyeupe kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Akipita mtaani jioni, wauza duka humtania wakisema fungeni madirisha, Mama Vumbi huyo. Naye huwajibu kwamba wao wanapaka nyumba chokaa kwa pesa, yeye anapakwa bure.

Hajawahi kuogopa kazi. Alisaga mahindi miaka kumi na moja kabla ya kuhamia kwenye mawe, na malipo ya huku, ambayo hutosha chakula, nauli na karo ya mtoto wa mwisho, hayajamfanya tajiri wala hayajamlaza njaa. Kilichomtia hofu ni kuchagua kwenyewe. Maana kila upande aliogeukia, aliona mtu wake amesimama mbele ya hatari.

Wa kwanza ni huyu mdogo wake wa kike. Yadi nzima humwita Mdogo Mtu. Ndiye anayechekecha, na anayechekecha ndiye anayekula vumbi kuliko wote. Ni mwembamba, mpole, na kila akiulizwa jambo hujibu, "Utakavyoona wewe, dada."

Ana kikohozi. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Huyu kikohozi chenyewe ndicho anachokificha. Hugeuka akaelekea ukutani, akajifanya anakung'uta chekeche, mabega yakapanda na kushuka bila sauti. Dada yake anayahesabu yale mabega kwa jicho la pembeni, siku hadi siku, na yanapanda zaidi kuliko mwaka jana.

Daktari alishawaambia. Alimwangalia Mdogo Mtu kifua, akamwangalia usoni, akasema vumbi la jiwe likiingia kwenye mapafu halitoki, kwa sababu mapafu hayana ufagio. Akaambiwa aondoke vumbini. Lakini aondoke aende wapi, na kazi ndiyo hii?

Basi mashine mpya ilipotajwa, Mama Vumbi aliwaza jambo moja: ipatikane mashine isiyotoa vumbi. Na hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na hofu ya pili.

Yule wa pili ni mume wake.

Miaka tisa iliyopita mume wake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kilichokuwa kikisaga mawe ya rangi. Kulikuwa na pipa la chuma, refu kuliko kitanda, limelala kwa ubavu, ndani yake mna gololi kubwa. Pipa likizunguka, gololi hupanda ukutani na kuporomoka juu ya mawe mpaka mawe yawe unga. Kila baada ya muda mtu huingia ndani kupitia tundu la ubavuni kuokota gololi zilizovunjika. Siku ile aliingia yeye.

Mwenzake mmoja alirudi kutoka kunywa chai, akakuta pipa limesimama, akadhani limezimika lenyewe. Akabonyeza swichi.

Lilizunguka nusu duara tu. Kulikuwa na mtu wa tatu aliyesikia mgongano ambao haukuwa wa gololi, akazima. Walimtoa akiwa hai, goti la kushoto halikunjiki tangu siku hiyo, na sehemu ya sikio haipo. Hayo watu wote wanayajua kwa sababu waliyaona waliokuwa nje. Ya ndani hakuna anayeyajua. Hakuyasema hospitalini, hakuyasema kwa mama yake mzazi, hajayasema kwa mke wake.

Siku hizi hutengeneza pasi na feni, ameketi kizingitini pa nyumba. Mlango wa nyumba hiyo haufungwi. Mvua ikipiga kwa upande ule, wanatandika matambara na kusogeza viti. Mlango wa chumba cha kulala ulitolewa bawaba ukageuzwa meza. Wageni hudhani ni uzembe wa fundi.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema mke wa aliyeumwa hufanyaje.

Walikwenda kwenye ghala la mashine upande wa pili wa mji, yeye, Mdogo Mtu na Tajiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo dada hao wawili walichukua magunia mawili ya mawe ya kujaribia, wakayamimina kwenye karai, wakayasugua kwa brashi ya kufulia mpaka tope lote likatoka. Yalipong'aa kama mayai, wakayarudisha magunini.

Hakuna aliyewaagiza. Ni mkono wa msagaji mahindi tu. Mama Vumbi anasema kwenye kinu chake cha zamani mteja akileta mahindi yenye udongo alimrudisha bombani kwanza. "Kitu kinachokwenda tumboni mwa watu hukipeleki na matope yake," ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya.

Ghalani walionyeshwa mashine tatu. Ile ya magurudumu mazito ilihitaji umeme wa mtaa mzima, wakaitazama kwa heshima kama watu wanavyotazama nyumba ya ghorofa, wakapita. Zikabaki mbili. Moja ni kinu cha nyundo kipya, ndugu wa kile cha yadini, kiko wazi kooni na mkiani. Ya pili ilikuwa pipa.

Mama Vumbi alisimama mbali nalo. Lilipakwa rangi ya kijani, dogo kuliko lile alilowahi kuliona mara moja kupitia dirisha la kiwanda, lakini tundu lake la ubavuni lilikuwa na ukubwa uleule: upana ambao mabega ya mtu lazima yaombe ruhusa. Anasema aliifuta mikono kwenye gauni.

Fundi wa ghala, mwanamume mwenye tumbo na kicheko cha karibu, alimimina gunia la kwanza kwenye kinu cha nyundo. Kikapiga kelele kama vinavyopiga vyote. Unga ukatoka. Na vumbi? Halikuwepo. Ukungu mwembamba ulitoka mdomoni mwa mashine ukaanguka papo hapo.

Mdogo Mtu alishusha kitambaa puani. Akavuta pumzi moja, akaiachia. Akavuta nyingine kwa kujaribu, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini. Akatabasamu.

Gunia la pili likaingia pipani. Mwanzoni gololi zililia kama mvua ya mawe juu ya bati. Baada ya muda sauti ikafifia, ikawa nzito, ikawa kama mtu anayepiga godoro kwa ngumi. Fundi alikunja uso, akalizima, akafungua tundu. Ndani kila gololi ilikuwa imevaa koti la tope jeupe, na ukuta wa pipa umegandwa nalo. Hakukuwa na unga wa kujaza hata kikombe.

Tajiri hakungoja. Alisema kumbe kazi yenyewe ilikuwa rahisi, jawabu limejileta lenyewe, wachukue cha nyundo.

Mama Vumbi hakuficha: furaha ilimjaa. Pipa limekataa, na si yeye aliyelikataa. Hatakwenda nyumbani kumwambia mume wake kwamba atakuwa anashinda na kitu kile. Alisogea karibu kwa mara ya kwanza, kama kwa kejeli, akabandua kipande cha koti lile kutoka kwenye gololi, akakifinya.

Kikafinyangika.

Alikinusa. Kilikuwa na harufu ya sakafu iliyodekiwa muda si mrefu. Na hapo, anasema, furaha ikaganda kama ule unga.

Jiwe la chokaa hunywa maji. Mawe aliyoyaosha jioni yalikuwa yamekauka ngozi tu, ndani yamelowa. Naye alikuwa analijua hilo jambo miaka kumi na moja, kwa upande wa mahindi. Mahindi yenye maji huganda kwenye mashine iliyofungwa, na kwenye mashine ya wazi hayatimui vumbi. Kwa hiyo mashine zote mbili zilikuwa zimesema uongo, na aliyezifundisha uongo huo ni yeye na brashi yake ya kufulia.

Akaenda bombani, akanawa mikono, akainawa tena. Akajiambia kwamba hakuna anayejua. Akajiambia kwamba huenda hata mawe makavu yangefanya vilevile, ingawa alijua hayangefanya. Tajiri alikuwa ameshaanza kupatana na fundi. Mdogo Mtu alikuwa ameketi kwenye benchi, kitambaa kimelegea shingoni, anapunga miguu.

Walipanda gari la mizigo. Injini ikawashwa. Ndipo Mdogo Mtu, ambaye huwa hasemi mpaka aulizwe, alimwegemea dada yake begani na kumwambia kwa sauti ya chini, "Dada, leo nimepumua."

Mama Vumbi anasema lau mdogo wake angenyamaza, na yeye angenyamaza. Lakini alipoisikia sentensi ile, aliona kiangazi. Aliona mawe makavu yakiingia kwenye kinu kile cha wazi, na mdogo wake amegeuka kuelekea ukutani.

"Zima gari, Tajiri," alisema. "Mawe niliyaosha."

Fundi wa ghala alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Aliuliza kama aliyatia na sabuni. Mama Vumbi akamjibu kwamba ingekuwepo ya kutosha angeitia. Tajiri peke yake hakucheka. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, kisha akasema warudi nyumbani wakaanike mawe.

Waliyaanika juu ya mabati, wakiyageuza kama watu wanaogeuza nguo, mpaka Mama Vumbi alipopasua moja kwa nyundo, akaugusisha ulimi katikati yake, na jiwe likaung'ang'ania. Jiwe kavu hushika ulimi. Wakarudi ghalani.

Safari hii kinu cha nyundo kilionyesha tabia yake. Vumbi lilitoka kooni, likatoka mkiani, likatoka hata kwenye maungio, likatanda mpaka fundi mwenyewe akawa sauti tu. Mdogo Mtu hakupata nafasi ya kuutafuta ukuta. Aliinama palepale, akashika goti la dada yake, akakohoa mbele za watu wote. Walimtoa nje wakamketisha juu ya tairi. Alikuwa akiomba radhi katikati ya kikohozi, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

Pipa likawashwa. Mvua ya mawe juu ya bati ilianza na ikabaki vilevile hadi mwisho. Mfuko mkubwa wa kitambaa uliofungwa juu yake ukajaa upepo na kuyanyonya yote yaliyotaka kutoroka. Fundi alipofungua bomba la chini, unga ulishuka kwa utulivu wa maziwa. Gololi zake ni za kauri, si za chuma, kwa hiyo sumaku waliyoiazima kwa mpimaji wa maji ilitoka safi.

Mama Vumbi alichota, akatia menoni, akafumba macho.

Uliteleza.

Anasema hajawahi kuhuzunishwa na unga mzuri namna ile.

Alimwuliza fundi maswali mengi siku hiyo. Linaingiwa vipi, linafungwa vipi, likizimwa linakaa muda gani kabla ya kutulia, nani anayejua kwamba ndani mna mtu. Alirudia baadhi ya maswali mara mbili. Fundi akachoka, akamtupia methali.

"Mama yangu, mchagua jembe si mkulima."

"Jembe halimzungushi mkulima ndani yake," alimjibu.

Fundi akamwonyesha tundu. Alieleza kwamba kuingia ni mara chache, kubadilisha bitana ya kauri ya ukuta wa ndani na kutoa gololi zilizolika. Saa moja, saa mbili, basi. Kisha, bila nia mbaya, akaongeza kwamba kwa tundu la ukubwa huu mtu mwembamba ndiye anayefaa. Na macho yake yakaenda yenyewe kule nje, kwa yule aliyeketi juu ya tairi.

Hapo ndipo hofu mbili za Mama Vumbi zilipokutana zikawa moja. Kikohozi kilichomkondesha mdogo wake ndicho kilichompimia tundu.

Alisema ataingia yeye mwenyewe. Fundi akamtazama mabega, akatazama tundu, akashusha macho mpaka nyongani, akasema kwa upole, "Kichwa kitaingia, Mama."

Hata yeye alicheka. Mdogo Mtu naye, kule nje, alipoambiwa kwamba yeye ndiye anayefaa, alisema neno lake la siku zote, utakavyoona wewe, dada. Safari hii Mama Vumbi alitamani ampige kofi kwa neno hilo.

Tajiri amempa mpaka Jumatatu. Akisema ndiyo, pipa litaletwa mwezi ujao, litafungwa pale kilipo kinu cha zamani. Akisema hapana, watanunua cha nyundo na kuongeza vitambaa vya puani. Tajiri hakumshurutisha. Alimwambia tu kwamba naye halali usiku, maana mitambo ya maji haitangoja, lakini hataki kuja kuitwa siku moja aangalie ndani ya tundu.

"Kupanga ni kuchagua, wanasema," anaeleza Mama Vumbi, akifunga gunia la mwisho la Jumamosi kwa sindano kubwa na uzi. "Sawa. Lakini waliosema walikuwa wanachagua kati ya nini na nini? Huyu ni mdogo wangu. Mama alimwacha mikononi mwangu akiwa hajaota meno. Nimchagulie la kumla haraka au la kumla polepole?"

Anavuta uzi, anakata kwa meno.

Ameanza kuota ndoto, anasema, na katika ndoto pipa halizunguki. Limesimama tu, kimya, na yeye yuko nje anagonga ubavu wake kwa kiganja akiita, na ndani kuna mtu anayejibu kila kitu kwa kusema utakavyoona wewe. Akiamka hupapasa kitanda. Mume wake huwa macho, amelala chali, akiangalia pale mlango ulipokuwa.

Hajamwambia. Majuma yote haya mume anajua kuna mashine inachaguliwa, hajui ni ipi. Mke amekuwa akisema "ile ya kwanza" na "ile nyingine", kama mtu anayeficha jina la mgonjwa.

Jumapili jioni, kwenye nyumba yenye mlango wazi, mume ameketi kizingitini, goti lake limenyooka mbele kama mpini. Ameweka pasi ya jirani mapajani, anafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Mdogo Mtu anakunja nguo zilizoanuliwa. Mashuka yao yana madoa ya kutu kama ya watu wote.

Mama Vumbi anaketi kwenye kigoda. Anasimama. Anaketi tena.

"Baba watoto," anaanza. "Ile mashine nyingine. Ni pipa."

Bisibisi inasimama.

Anamweleza yote, kwa kuruka ruka. Mawe yaliyooshwa, vumbi, sumaku, unga ulioteleza. Tundu. Anapofika kwa mtu mwembamba anashindwa, anamwonyesha kwa kidevu tu mahali Mdogo Mtu alipoketi. Anasema kama hataki hata kulisikia, Jumatatu atakwenda kusema hapana, na mambo yaishe, na watatafuta dawa ya kikohozi.

Mtaani mtu anapita akivuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia, na wote watatu wanaungoja upite. Kisha Mdogo Mtu anakohoa. Hakuna ukuta karibu, kwa hiyo anakohoa ndani ya shuka alilolikunja, kwa muda mrefu.

Mume anamtazama mpaka amalize. Anaweka bisibisi chini.

"Swichi yake ni ya kubonyeza?" anauliza.

Mama Vumbi anafikiri. Anasema ndiyo, kitufe cha kijani na cha kahawia, kando ya ukuta.

"Waambie hiyo hatuitaki. Ing'olewe. Iwekwe ya ufunguo, na ufunguo uwe mmoja. Mtu akikwambia anao wa akiba ofisini, mwambie autupe chooni mbele yako."

Mdogo Mtu ameacha kukunja. Hajawahi kumsikia shemeji yake akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja kuhusu mashine yoyote isiyokuwa pasi. Anamwuliza polepole, kwa nini mmoja.

Shemeji anaokota skrubu kutoka kwenye kifuniko, anaishika kwenye kiganja, anaifunika kwa vidole.

"Watu huniuliza kama mle ndani nilimwita Mungu, au mama yangu," anasema. "Sikumwita mtu. Lilipoanza kusogea, mkono wangu ulikwenda mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu, na mimi natafuta tu, natafuta mpaka lilipozimwa."

Anafungua kiganja, anamwekea Mdogo Mtu ile skrubu mkononi, anamfunga vidole.

"Nilikuwa nataka ufunguo," anasema. "Siku ile, kitu nilichokuwa nakitaka ni kwamba ufunguo niwe nao mimi, mle ndani."